KUMKUMBUKA BIBI, MAMA NA KOKO: MAFUNDISHO KUTOKA KWA MAMA KHADIJA (R.A.)

KHUTBA YA KWANZA

Bismillahi. Shukrani zote tunamrudishia Mwenyezi Mungu, aliyetupitisha katika matumbo ya mama zetu, akaweka maziwa katika vifua vyao na huruma katika mioyo yao. Tunashuhudia kwamba Yeye ni Mmoja, hana mshirika. Tunamwomba ampe rehema na amani Bwana wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake, na kila anayefuata njia yao mpaka siku ya mwisho.

Ndugu Waislamu, wanaume kwa wanawake! Ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia nyinyi, tumche Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa wazi.

Maneno ya Ijumaa ya leo ni juu ya mtu ambaye kila nyumba inamjua, na kila nyumba siku moja inamzika. Kwa bwana yake ni bibi, kwa watoto ni mama, kwa wajukuu ni koko. Anapokufa, tunalia. Tunamtaja kwa wema siku tatu, siku saba, siku arobaini. Halafu? Hapo ndipo swali la leo lilipo. Baada ya mikeka kukunjwa na masufuria kurudishwa kwa wenyewe, tunamkumbuka kwa kitu gani?

Mtume wetu (s.a.w.) naye alimzika bibi yake mpenzi. Tuangalie alimkumbuka namna gani, kisha kila mtu ajipime katika nyumba yake.

1. MAMA KHADIJA ALIKUWA NANI

Mama Khadija binti Khuwaylid alikuwa wa ukoo wa Asad katika Makureshi wa Makka. Alikuwa mwanamke wa biashara. Mali yake ilikwenda na misafara mpaka Sham, mikononi mwa watu aliopatana nao kugawana faida. Siku moja alimpa mali hiyo kijana Muhammad, akampa na mtumishi wake Maysara wafuatane. Waliporudi, faida ilikuwa nzuri. Lakini Khadija aliangalia kupita faida. Alisikia kwa Maysara habari za mtu mwaminifu, asiyedanganya kwa kipimo wala kwa maneno, naye mwenyewe akatuma mtu kupeleka habari ya ndoa.

Mtume alikuwa na miaka 25. Khadija alikuwa amekwisha kuolewa mara mbili. Wengi katika wanahistoria wanasema alikuwa na miaka 40, wengine wanasema 28. Waliishi pamoja karibu miaka 25, na katika muda wote huo Mtume hakumwolea bibi mwingine. Mungu aliwapa watoto: Qasim na Abdullah, ambao walikufa wakiwa wadogo; na mabinti wanne, Zaynab, Ruqayya, Umm Kulthum na Fatima. Kwa hiyo Mama Khadija alijua raha ya kuzaa, na alijua pia uchungu wa kuzika mtoto.

Mwaka 610, Mtume aliposhuka kutoka pango la Hira akitetemeka, hakukimbilia kwa wakubwa wa Makka. Alikimbilia nyumbani. Mama Khadija alimfunika nguo mpaka hofu ikamtoka, kisha akamwambia kwamba Mungu hawezi kumwaibisha mtu kama yeye, anayeunga udugu, anayebeba mizigo ya wanyonge, anayemkaribisha mgeni. Ndugu zangu, fikirini maneno hayo. Alikuwa ameishi naye miaka 15. Alimshuhudia kwa yale aliyoyaona jikoni, mlangoni na kitandani, mahali ambapo mtu hawezi kuvaa sura ya bandia. Nani kati yetu bibi yake angeweza kumtolea ushahidi kama huo?

Makureshi walipowatenga Banu Hashim katika bonde la Abu Talib, karibu miaka mitatu, bila kuwauzia wala kununua kwao, Mama Khadija aliingia katika taabu hiyo pamoja na bwana yake, ingawa yeye hakuwa wa ukoo wa Hashim. Mtu aliyezoea misafara ya mali akafika kungojea ngano kidogo ambayo Hakim bin Hizam, mtoto wa ndugu yake, alimpelekea kwa kujificha. Baada ya kutengwa kule kwisha, alikufa katika mwezi wa Ramadhani, mwaka wa kumi wa utume, yaani karibu mwaka 619, na akazikwa Hajun, Makka. Sala ya jeneza ilikuwa bado haijaamrishwa. Mtume mwenyewe aliingia ndani ya kaburi lake.

Hasan alizaliwa mwaka wa 3 wa Hijra, Husayn mwaka wa 4. Koko yao hakuwaona. Lakini tutaona namna gani wajukuu wa Mama Khadija walivyobebwa kwa upendo aliouacha.

2. MTUME (S.A.W.) ALIMKUMBUKA NAMNA GANI

Kwanza, alimtaja wema wake mbele ya watu. Mama Aisha (R.A.) amesimulia kwamba hakuna bibi wa Mtume aliyemwonea wivu kama Khadija, hata ingawa hakukaa naye katika nyumba moja. Kwa nini? Kwa sababu Mtume hakuacha kumtaja. Siku moja Mama Aisha aliona uzito, akasema neno juu ya mwanamke mzee aliyekwisha kufa, kwamba Mungu amempa Mtume aliye bora zaidi. Mtume hakulikubali neno hilo. Alijibu kwamba Khadija alimwamini wakati watu walipomkanusha, alimsaidia kwa mali yake wakati watu walipomnyima, na kwake Mungu alimpa watoto. Aliweka hesabu ya wema wa bibi yake, na kifo hakikuifuta hesabu hiyo.

Pili, alishika watu wake. Alipochinja kondoo, alikata vipande akaagiza vipelekwe kwa rafiki za Khadija. Nyama ile ilitembea katika njia za Madina, miaka baada ya mwenye urafiki kulala Makka chini ya udongo. Na siku Hala, dada ya Khadija, alipobisha hodi mlangoni, Mtume alisikia katika sauti ile sauti ya marehemu, akashtuka kwa furaha, akaomba kwa Mungu awe ni Hala.

Tatu, alishika haki hata alipolia. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa 2 wa Hijra, kati ya mateka alikuwa Abul-As, bwana yake Zaynab, ambaye wakati huo hakuwa Mwislamu. Zaynab alikuwa bado Makka. Akatuma fidia ya kumtoa bwana yake, na ndani ya fidia kulikuwa mkufu ambao mama yake Khadija alimvisha siku ya arusi. Mtume alipouona mkufu ule, moyo wake ulilainika sana. Lakini, ndugu zangu, tazameni vizuri hapa. Yeye ni Mtume wa Mungu, ni mkubwa wa jeshi, na mkufu ni wa bibi yake. Hakuuchukua akautia mfukoni. Aliwauliza masahaba: mkiona inafaa, mwacheni huyu mateka, mrudishieni Zaynab mali yake. Wakakubali. Ukumbusho wa Khadija haukumfanya achukue kitu cha watu bila ruhusa yao, na mkufu wa mama ukarudi kwa binti yake.

Nne, alibeba wajukuu wake. Umama, mtoto wa Zaynab, alikuwa mtoto wa kike mdogo. Mtume alisali na watu akiwa amembeba. Anaposujudu anamweka chini, anaposimama anambeba tena. Hasan na Husayn walimpanda mgongoni. Hakuna katika wale watoto aliyefanywa mzigo kwa sababu koko yao hayuko tena.

Hayo ndiyo matanga ya Mtume kwa bibi yake. Hayakuisha kwa siku arobaini. Yaliendelea mpaka yeye mwenyewe alipokufa.

3. NA SISI JE?

Karatasi hii haikuandikwa kwa kubishana juu ya arobaini. Tunajua walimu wetu wana maneno yao, wengine huku, wengine kule. Lakini kuna jambo ambalo walimu wote wanalijua: Jaafar bin Abi Talib alipouawa Muta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliamuru watu wapikie nyumba ya Jaafar chakula, kwa kuwa msiba ulikuwa umewashughulisha. Jirani ndiye anayemlisha mfiwa. Sisi tumegeuza. Mfiwa anakopa mchele, anakopa mafuta ya mawese, anauza mbuzi wa yatima, ili jirani wale washibe na waseme matanga yalikuwa makubwa. Na Mungu katika Suratun Nisaa, aya ya 10, ameonya kwamba anayekula mali ya yatima kwa dhuluma anakula moto.

Tuangalie mama zetu wa hapa. Tangu vita vya mwaka 1996, na vile vilivyofuata tangu 1998 mpaka 2003, ni makoko wangapi mashariki ya Kongo wamekuwa mama mara ya pili? Mtoto wake ameuawa, au amepotea njiani, au amekwenda kwenye machimbo hajarudi; wajukuu wamebaki. Koko huyo anaamka kabla ya alfajiri, anasali, anafunga kikapu cha sombe kichwani, anakwenda soko. Kwa faida ya sombe na mawese analipa minervali. Jioni, kabla ya mtoto kufika kwa mwalimu wa chuo, ni koko aliyemfundisha Fatiha, herufi kwa herufi, huku anatwanga. Wengi wetu tunaosoma katika safu hizi leo, Alhamdu ya kwanza tuliisikia kwa mwanamke.

Sasa anakufa. Sikilizeni jambo ambalo limetokea, na nyumba yenyewe sitaitaja. Mama mmoja, mjane, aliacha parseli aliyoinunua mwenyewe kwa mawese yake, kidogo kidogo. Aliacha watoto wanaume wawili walio hai, na wajukuu watatu yatima, watoto wa binti yake aliyemtangulia kufa. Wajukuu wale ndio waliolala naye, ndio waliomchotea maji katika ugonjwa. Baada ya arobaini, ambayo ilikuwa kubwa, watu walikula na kusifu, parseli iliuzwa. Wajomba waligawana. Watoto wale wakahamia kwa jirani, na msichana mkubwa akaacha masomo. Wazee walipowauliza wajomba, walijibu: katika sheria ya mirathi wajukuu hawa hawana sehemu.

Ndugu Waislamu, katika hesabu ya sehemu, hawakusema uongo. Mtoto mwanamume akiwa hai, wajukuu hawarithi pamoja naye. Lakini walisoma mstari mmoja wakafunga Kitabu. Katika sura ile ile ya Nisaa, aya ya 8, Mungu ameamuru kwamba ndugu wasio na sehemu, na mayatima, na maskini wakihudhuria mgawanyo, wapewe kitu katika ile mali, na waambiwe neno jema. Wale watoto walipewa nini? Neno gani jema waliambiwa? Wajue pia kwamba mbele ya tribinali ya serikali hesabu ni nyingine: Kode ya Familia ya nchi yetu, ya mwaka 1987, inawaweka wajukuu mahali pa mzazi wao aliyekwisha kufa. Ni aibu kwetu yatima wa Kiislamu akitafuta huruma kwa jaji baada ya kuikosa kwa mjomba wake anayesali safu ya kwanza.

Walimlilia mama yao siku arobaini. Lakini kile ambacho yeye alikiinua kwa mikono miwili, wao walikiangusha kwa saini moja. Je, huko ni kumkumbuka?

Nasema maneno haya, nikimwomba Mwenyezi Mungu anisamehe mimi na nyinyi na Waislamu wote. Mwombeni msamaha, Yeye ni Mwingi wa kusamehe.

KHUTBA YA PILI

Sifa ni za Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wake.

Ndugu zangu, tuondoke leo na mambo ambayo mtu anaweza kuyafanya kabla ya Ijumaa nyingine.

La kwanza: madeni yake. Kabla ya mirathi, mali ya marehemu inatoa gharama za kumzika, kisha madeni, kisha wasia, ndipo warithi. Mama wa soko ana madeni ambayo wanaume hawayajui. Alikuwa katika likelemba. Pengine alikwisha kupokea zamu yake na hajamaliza kutoa. Pengine alichukua bidoni ya mawese kwa mkopo. Nendeni kwa wenzake wa soko mkaulize. Tena ulizeni na upande wa pili, nani anadaiwa naye. Mwanamke mmoja alimwuliza Mtume juu ya hija ambayo mama yake aliiwekea nadhiri akafa bila kuitimiza. Mtume alimruhusu amhijie, akaifananisha na deni ambalo mtoto angemlipia mama yake, na deni la Mungu linastahili zaidi kulipwa.

La pili: mahari yake. Ewe bwana, kama bibi yako amekufa na mahari hujamaliza, mahari hiyo haikuzikwa pamoja naye. Ni deni juu yako, inaingia katika mali aliyoacha. Wewe una sehemu yako katika mirathi yake, robo kama ameacha mtoto, nusu kama hakuacha. Lakini si wewe peke yako: kuna watoto wake, na mama yake na baba yake kama wako hai. Nguo zake, mashine yake ya kushona, akiba yake ya soko, si zako zote kwa sababu ziko katika nyumba yako. Na binti asiambiwe kwamba hana kitu kwa kuwa ameolewa. Mungu amempa sehemu, nani atamnyang'anya?

La tatu: wasia, na hili ninawaambia mama walio hai wanaosikiliza nyuma ya pazia, na wazee wanaume pia. Mtume amefundisha kwamba Mwislamu aliye na kitu cha kuusia asilale usiku mbili bila wasia wake kuwa umeandikwa. Una ruhusa kuusia mpaka theluthi moja ya mali yako kwa mtu asiyekurithi. Mjukuu yatima unayemlea, ambaye sheria ya sehemu haimpi, mlango wake ni huo. Koko yule wa parseli angeandika karatasi moja mbele ya mashahidi wawili, wajukuu wake wangekuwa na chumba leo. Asiyejua kuandika, aje msikitini baada ya sala ya alasiri, tutamwandikia mbele ya watu waaminifu, bila malipo.

La nne: watu wake. Ibn Umar, mtoto wa Khalifa Umar, alikutana na mtu wa jangwani njiani. Akamtolea punda wake na kilemba chake, kwa sababu baba ya mtu yule alikuwa rafiki ya Umar. Wewe, rafiki wa mama yako ni nani? Yule aliyeuza naye kwenye meza moja, yule aliyemfunga kitambaa katika uzazi, yuko wapi leo? Siku mnapopata nyama, hata kilo moja, kata kipande umpelekee. Mwambie: hiki ni kwa ajili ya mama.

La tano: sadaka na dua. Saad bin Ubada mama yake alikufa yeye akiwa safarini. Alimwuliza Mtume kama sadaka itamfaa, akajibiwa ndiyo, akatoa shamba lake la matunda kwa jina la mama yake. Sisi wengine hatuna shamba. Lakini mkeka wa msikiti, ndoo ya kutawadhia, minervali ya muhula mmoja ya mjukuu wake: hivyo vyote ni sadaka. Na dua haina bei.

Neno la mwisho ni kwa mabwana ambao bibi zao wako hai. Mtume hakungoja Khadija afe ndipo amheshimu. Akiwa hai aliletewa salamu na Jibrili kutoka kwa Mola wake, na habari njema ya nyumba Peponi, nyumba ya lulu, isiyo na makelele wala uchovu. Mama hawa wetu wanaishi katika makelele na uchovu tangu ujana mpaka uzee. Nyumba isiyo na makelele wala uchovu ni Mungu atakayewapa. Lakini sisi tunaweza kupunguza kidogo makelele na uchovu wa nyumba za hapa. Leo ukirudi kutoka Ijumaa, mwambie bibi yako wema wake mmoja unaoujua. Asisikie sifa zake kwa mara ya kwanza kwa midomo ya watu wa matanga, wakati masikio yake hayasikii tena.

TUOMBE

Ewe Mola wetu, wasamehe mama zetu na makoko zetu waliotangulia, waliozikwa kwa sanda na waliozikwa njiani bila sanda wakati wa vita, wale ambao makaburi yao tunayajua na wale ambao makaburi yao unayajua Wewe peke yako. Wape nyumba isiyo na makelele wala uchovu. Walinde wajukuu waliowaacha katika mikono yetu, wala usiifanye mikono yetu kuwa mikono ya dhuluma. Wape afya na maisha mema mama walio hai. Lainisha mioyo ya wanaogawana mirathi. Ipe nchi yetu ya Kongo amani, Mashariki yake na Magharibi yake. Mrehemu Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake, na umridhie Mama yetu Khadija. Amina.

Simameni kwa sala, Mungu awarehemu.

(Karatasi hii ina jina la Mwenyezi Mungu. Usiitupe chini wala usifungie karanga. Ukiisha kuisoma, mpe mwingine, au msomee mama asiyejua kusoma.)